Kidole Kimekubali, Mtu Kakataliwa

Siku yangu ya kwanza ya ukarani wa kura nilikuwa na mtoto wa miezi mitano, kifua kimejaa maziwa, na jaketi la kazi limenifika magotini. Kituo kilikuwa shule ya msingi hapa Changamwe. Nyinyi mnaotaka kuomba kazi hii, nawaeleza ilivyo, msije mkasema hamkuambiwa.

Ulikuwa uchaguzi mdogo, nikawekwa kwenye wino: mtu akishapiga kura unampaka ukucha, asirudi tena. Uchaguzi mkuu uliofuata nikapandishwa, nikapewa mashine. Mpiga kura hutoa kitambulisho, kipande tukiitavyo sisi, huweka kidole, picha na jina lake hutokea. Ndipo apewe karatasi za kura. Mkubwa wetu, afisa msimamizi wa kituo, alitupanga asubuhi kama watoto wa darasani.

"Hakuna kipande, hakuna kura. Hata awe mamako mzazi."

Jua halijawa kali, akaja Bi Mwanakombo, jirani yangu, na wenzake wanne wanaofanya kibarua naye kwenye godauni la majani ya chai. Diwani aliyekuwapo alikuwa ameacha maji machafu ya magodauni yapite mlangoni kwa mama huyu muhula mzima. Mama alikuja kumtoa kwa kura.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo. Kipande."

"Marahaba. Kiko kwa soja."

Kwenye magodauni yetu kibarua huacha kitambulisho kwa soja, mlinzi wa getini, asubuhi, akakichukua akitoka jioni. Jana yake soja alivifungia vipande kwenye kibanda chake, akapanda basi la bara mchana.

"Kaenda wapi?" nikauliza.

"Kaenda kwao kupiga kura!" akajibu mmoja wao. Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Mwanakombo hakucheka.

"Mwanangu, si wanijua? Haya, nipe hiyo mashine."

Akaweka kidole. Picha yake ikatokea, jina lake lote mpaka la babu, na kituo ni hiki hiki. Mawakala wa vyama wakainuka kutazama, hakuna aliyepinga.

"Mkubwa, ni yeye," nikasema.

"Sheria yataka kitambulisho alichojiandikishia."

"Na huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Usiniletee maneno, karani. Anayefuata!"

Bi Mwanakombo akajifunga leso vizuri. "Haya mwanangu, fanya kazi yako," akaniambia, akatoka na wenzake. Nikaifanya mpaka jioni.

Wanatuambia kadi yazuia wizi. Mwizi gani? Kadi yaweza kufungiwa kibandani, kidole mtu atembea nacho. Mwenye ofisi haachi kipande getini. Anayeacha ni kibarua. Na vijana wetu je? Mtoto kazaliwa Kisauni, mamake kazaliwa Kisauni, lakini akienda kuomba kadi, kwa kuwa aitwa Swaleh, jina la Kiislamu, ataulizwa kitambulisho cha babu, apelekwe mbele ya wazee kuhojiwa, kisha aambiwe rudi mwezi ujao. Serikali yakunyima kadi, kisha yakufukuza kwa kuwa huna kadi! Huo si ulinzi wa kura. Ni kuchagua nani apige.

Wengine hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu ukarani huu nina miaka ishirini na tisa. Juzi mkubwa kanipigia simu, wanatafuta makarani wenye uzoefu.

"Sheria imebadilika?" nikamuuliza.

"Bado."

"Basi tafuta mwingine."

"Wewe mama, una mtoto wa kulisha."

"Ninaye, na atakuwa mtu mzima. Nani atamfukuza foleni, wewe?"

Akakata simu. Hela zile nazihitaji, wallahi, lakini sizitaki.

Wiki iliyopita mgombea mmoja alikuja pale godauni wakati wa kuingia kazini, fulana mkononi, tabasamu mpaka masikioni. Nilikuwa nimemsindikiza Bi Mwanakombo. Akampa soja kipande chake, kisha akamgeukia yule bwana.

"Kura yangu ndiyo hiyo imeingia kibandani. Nenda kanitolee kwanza, halafu uje uniombe."