Marashi ya Limau Hayakai

Chupa yangu ya kwanza ya marashi niliipata wakati Bukima nzima, kijiji chetu cha kando ya ziwa, tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Ukisikia duka la ushirika limeletewa miche michache, ukifika unakuta foleni imeshapita kanisani. Shangazi yangu alikuwa akivuka mpaka wa Sirari kimyakimya na kurudi na vitu alivyovifunga kiunoni, chini ya kanga. Siku moja akanitolea kichupa cha kioo cha kijani, kirefu kama kidole changu cha kati, chenye picha ya limau lililokatwa.

"Usimtaje mtu," aliniambia. "Wakikuuliza, sema umezaliwa unanukia."

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na kazi yangu ilikuwa dagaa. Asubuhi nawanunua mitumbwini, nawaanika juu ya mawe, nawageuza, jioni nawaanua. Mikono yangu ilikuwa na harufu yao, na nywele zangu, hata Biblia yangu. Sikuwahi kuona tatizo mpaka nilipochumbiwa.

Mchumba wangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Kwao ni Butiama, watu wa shamba na ng'ombe. Dada yake alikuja kwetu na ujumbe wa posa, akala sato wetu akabakiza miiba mitupu, kisha akarudi kwao akasema: msichana ni mzuri, lakini samaki hawezi kumtoka mwilini hata mkimchemsha. Mchumba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, anacheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo siku ya kwenda kutambulishwa Butiama ilipopangwa, nikaanza kuyapima yale marashi. Nilitaka kujua yanakaa muda gani. Asubuhi naweka tone moja kwenye kifundo cha mkono, kisha naenda kwenye mawe. Mwanzoni ni ukali mtupu, kama mtu amekumenyea chungwa usoni na ule mvuke wa ganda umekuingia machoni. Nilikuwa nafumba macho, nasimama hivyo hivyo na beseni kichwani. Nikimaliza kuanika beseni la pili ukali umeshaondoka, umebaki utamu kama wa maji ya sukari. Nikianza kugeuza, imebaki harufu ya nguo safi tu. Jua likifika utosini nainusa ngozi yangu mwenyewe, na dagaa.

Nikajaribu kuyapaka kwenye kanga. Huko yalishika mpaka alasiri. Nikajaribu kujipaka samli kwanza, kisha marashi juu yake, nikanuka limau lililopikwa. Mama aliniangalia akasema, "Unajiunga mchuzi?"

Siku ya safari nilijipaka shingoni na kwenye upindo wa kanga kabla jua halijatoka. Nikapanda lori la samaki hadi Musoma, ambako mchumba wangu alikuwa ananisubiri na shati jeupe. Basi likatushusha Makutano, tukaanza kutembea kwenda Butiama. Mfuko wa dagaa nilioandaa kama zawadi niliubeba kichwani. Vumbi, jua na jasho. Nilipoinusa kanga, limau halikuwepo. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba wangu na nilikuwa nimepanga kusimama karibu na kwao nijipake tena.

Zilipobaki nyumba chache, mchumba akasimama kabla yangu.

"Jipake tena yale mafuta yako ya limau," akasema.

"Ni wewe unayataka, au dada yako?"

"Ni vizuri tu. Wasipate la kusema."

Nilikuwa nimeshaingiza mkono mkobani, nimekishika kabisa. Nikakiachia. Sikujua mpaka dakika ile kwamba nilikuwa na hasira kiasi kile. Nilipojipaka kwa kupenda kwangu, kilikuwa kitu changu. Kwa kuambiwa, kilikuwa kitu kingine. Nikamwambia, "Twende," nikatangulia.

Uani walikuwepo mama yake, dada yake na wanawake wawili wakichambua mboga. Dada mtu akainuka kutupokea, akapitisha kiganja mbele ya pua.

"Karibuni," akasema. "Tumewasikia tangu njiani."

Wale wawili wakacheka. Mchumba wangu akaangalia viatu vyake. Nikautua mfuko katikati ya ua.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama mkwe kwanza. Halafu nikamgeukia dada mtu. "Umesikia vizuri, wifi. Ni dagaa. Nimewanunua mwenyewe, nimewaanika mwenyewe, na kutoka Makutano nimewabeba kichwani. Mbona na ng'ombe zenu zinanuka na mimi sijaziba pua? Anayeona harufu hii inamsumbua asile."

Mama mkwe akausogelea mfuko polepole, akaufungua, akachukua dagaa mmoja akamtafuna hivyo hivyo mkavu.

"Hana mchanga," akasema, akaubeba mfuko kuupeleka jikoni. Walikula wote, na wifi aliongeza. Baba mkwe, alipoelezwa, akasema tu, "Huyu ana mdomo."

Njia ya kurudi, tulipofika Makutano, mchumba wangu akanigeukia.

"Ungenyamaza tu," akasema.

"Na wewe ungesema kitu. Kama nimekuaibisha, posa inarudishika."

Akapanda basi la Bunda, mimi la Musoma. Miezi miwili sikupata hata barua. Mama yangu alilia, akasema nimejifungia mlango mwenyewe kwa ulimi. Mimi niliendelea kwenda kwenye mawe, na kila asubuhi kabla ya kwenda niliweka tone langu shingoni. Wenzangu wakanicheka.

"Unawapakia dagaa?"

"Najipakia mimi."

Na ni kweli. Ile nusu saa ya ukali wa limau, nikiwa na beseni na ziwa mbele yangu, haikuwa ya wifi wala ya mchumba. Ilinitosha.

Jumamosi moja akaja, peke yake, kwa lori la samaki. Hakupita nyumbani. Alikuja moja kwa moja kwenye mawe, akavua shati lake la ofisini akalikunja, akaanza kugeuza dagaa bila kuambiwa. Aligeuza vibaya, wakavunjika wengi, nami nikamwacha. Jioni alinawa ziwani, akasugua kwa mchanga, akanusa viganja vyake, akanawa tena.

"Haitoki," akasema.

"Haitokagi."

"Siku ile ningesema kitu."

"Ungesema."

Tukafunga ndoa msimu wa pamba ulipoisha, nikahamia kwake Manyamanyama, pale pale Bunda.

Siku za ruksa zilipokuja, watu wakaruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje, vitu vikamwagika Bunda kama gunia limepasuka. Sabuni za rangi zote, mitumba, na marashi. Nilifungua meza sokoni. Upande mmoja niliweka dagaa niliokuwa nikiletewa kutoka Bukima, upande wa pili chupa za marashi, na zaidi ni zile nilizozipenda mwenyewe: za limau, za chungwa, na moja ya ndimu na mnanaa iliyokuwa ikipoza shingo kama maji. Nyingine zilikuwa nzito na tamu, zinamtangulia mtu mlangoni na kubaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Hizo watu walizigombania. Wakiniuliza ya limau inakaa muda gani, nawaambia ukweli: haikai, adhuhuri haikukuti nayo. Wengine walienda meza ya jirani, ambako waliambiwa kila chupa inakaa mwilini wiki nzima.

Aliyeniletea mzigo kutoka Mwanza alikasirika. "Mama, waambie inakaa siku nzima. Biashara ni maneno."

"Nimeipima mwenyewe," nikamjibu. "Sitasema."

Kisha akaja msimamizi wa soko, na daftari lake kwapani. Majirani walikuwa wamelalamika.

"Mama, dagaa na marashi meza moja? Chagua kimoja."

"Sheria gani inasema hivyo?"

Akafungua daftari. Akapekua mbele, akapekua nyuma, huku mteja wangu mmoja akisubiri kupimiwa dagaa na mwingine akijaribu ya chungwa mkononi.

"Haijaandikwa," akasema mwisho, "lakini haipendezi."

"Mimi inanipendeza," nikamwambia, nikachukua kopo nikampimia mteja wangu dagaa. Msimamizi akafunga daftari akaenda zake. Ile meza niliiendesha hivyo hivyo miaka tisa.