Udi Kwenye Nepi

Nimelala gesti nyingi, na kila shuka linaponukia udi nakumbuka Likawage. Tulifika huko tukitokea Kilwa Kivinje, siku nzima juu ya lori, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Mama alimpakata mdogo wangu mchanga. Baba alikuwa akitupeleka kwa mama yake, ambaye hakutaka mkamwana wa pwani.

Ilikuwa masika. Nepi za kitambaa zilishinda ndani bila kukauka, zikabaki na harufu ya mkojo hata baada ya kufuliwa. Mama akafanya kama kwao: akazitandaza juu ya chetezo, akazifukiza udi.

Bibi aliinua moja, akainusa.

"Wewe wa pwani, mtoto anaolewa leo?"

"Nilitaka zinukie, mama."

"Zinanukia. Lakini mkojo ukivishwa kanzu ni mkojo tu."

Mama aliinamisha kichwa. Nilidhani tungerudishwa siku ileile.

Bibi akamsukumia ndoo ya majivu. "Chuja maji yake, uziloweke."

Mama aliziloweka, akazichemsha, akazisuuza kwa maji ya ndimu. Jua lilipochomoza akazianika uani. Kabla ya magharibi Bibi alitoka mbio kuzianua mwenyewe, ndege wa usiku asije akazipitia juu, mtoto akashikwa na degedege. Akainusa moja.

"Haya. Sasa ni kitambaa."

Siku tuliyoondoka Likawage, lori lilikuwa limejaa. Bibi alimfuata dereva mlangoni.

"Mwanangu akae mbele," alisema, amemshika Mama mkono. "Huyu mwanamume atapanda nyuma."