"La" Hiyo Ni ya Nani?

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, hata leo nikisikia mashine ya kufulia ikinguruma. Nilikuwa msichana mgeni hapa Doha, nikifua na kupiga pasi nyumbani kwa Waitaliano kule Al Wakrah. Agnes, Mganda, alisafisha vyumba. Mama Zuhura wa Malindi, mji uliozoea Waitaliano, alipika. Kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa mikononi mwa mama mwenye nyumba, kwa hiyo kila aliponong'ona, masikio yangu yalisimama.

Kiitaliano nilikiokota kwenye amri zake. Chiamala, akimwonyesha Agnes: mwite. Aiutala: msaidie. Nikajiambia, basi hiyo "la" ya mwisho ni mwanamke. Nikajiona nimehitimu.

Asubuhi hiyo nikamsikia mama mwenye nyumba nyuma ya mlango akimwambia mumewe, "Cambiala! Non lava più bene. Prendine un'altra." Nikatafsiri moyoni: mbadilishe, hafui vizuri tena, chukua mwingine. Nani alikuwa akifua humo ndani kama si mimi?

Nikaanza kutafuta mchawi. Agnes! Kwa nini jana alilishika shati nililolifua likabaki na doa, akalitazama dirishani? Kwa nini alicheka na mama mwenye nyumba sebuleni? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua husikiliza mahubiri kwenye simu akipiga deki, jambo ambalo mama alilikataza kabisa. Nikashika njia kwenda kumchongea, atimuliwe yeye kwanza.

Mama Zuhura akanizuia jikoni. "Wendapi na uso huo?"

Nikamweleza. Wala hakunionea huruma.

"Hiyo 'la' umeuliza ni ya nani? Sisi mtu twasema 'mbadilishe', mashine 'ibadilishe'. Hawa 'la' yao hubeba mwanamke, kiti na mashine, wote kapu moja. Hebu nenda katazame unachofulia!"

Nikaenda. Mashine ilikuwa imesimama katikati ya dimbwi la maji yenye povu.

Mchana mafundi wakaja kuitoa. Nilisimama na beseni la nguo zilizolowa, likinielemea. Mama mwenye nyumba akapita, akaniona, akamgeukia Agnes: "Aiutala!"

"La" hiyo ilikuwa mimi. Agnes akashika upande wa pili wa beseni. "Lete, dada. Tangu asubuhi naona huna raha." Nilishindwa kumtazama.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Ugenini macho mawili hayatoshi, na mimi mpaka leo simwamini anayenong'ona. Lakini yashuku masikio yako kabla ya kumshuku mwenzako. Neno la lugha ya watu liulize kwanza linamhusu nani. Ulimi hauna mfupa. Wangu ungetangulia, Agnes angerudishwa kwao kwa kosa la mashine.

Mungu akupe mwajiri mwenye utu, akupe na mtu wa kukuzuia mlangoni ukiwa na hasira. Na siku "la" itakapokuwa wewe, asikosekane wa kushika beseni upande wa pili.