Soya Mbichi ya Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ana mashine ya kusaga chakula cha samaki nyuma ya nyumba yake. Mwanamke wa shoka, sifa yake simnyimi. Alipoachwa na mumewe hakulia. Aliuza kitanda cha ndoa, akanunua mota. Mteja wa kwanza nilikuwa mimi, na kambale wangu. Siku zile alikaanga soya mwenyewe kwenye karai, macho mekundu kwa moshi, huku akinitania.

"Wifi, hawa samaki unawalisha vizuri kuliko ulivyomlisha kaka yangu!"

"Hawasusi chakula kama yeye," namjibu.

Mwaka huu kambale wakadumaa. Wanagombania chakula, matumbo yanajaa, lakini vichwa vikubwa na miili kama utepe. Mwanangu wa kiume alishasema: wasiponenepa safari hii, bwawa linafukiwa, anajenga vyumba vya kupangisha. Bwawa nililolichimba mimi, kwa jembe langu! Nikabadilisha maji. Nikawalaumu ndege. Nikamlaumu hata mwanangu kwa jicho lake.

Bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji wa samaki wa kata yetu, akaja, akampasua mmoja juu ya ubao wangu wa jikoni. Utumbo umevimba, mwekundu, na chembe za soya zimo vilevile kama zilivyoliwa.

"Mama, soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la samaki kuisaga. Moto ndio unakiua. Hii inapita tu, haiingii mwilini. Nani anakukaangia?"

"Wifi yangu. Na anakaanga!" Nilimjibu kwa ukali, nikamwonyesha njia ya kutokea.

Kesho yake nikaenda kwa wifi. Harufu ya soya inayokaangwa ilinipokea njiani, nikafurahi kama mjinga. Naingia, karai limejaa soya ya rangi ya kahawia. Lakini mfuko wangu, ule wenye kiraka cha kanga, anaujaza unga kutoka gunia jingine. Nikatia unga mdomoni. Mbichi, mchungu.

"Na hii ya kwenye karai?"

"Ya wateja, wifi. Kuni zimekuwa taabu, na wao wakiona kasoro wanahama. Wewe wa nyumbani bwana, huendi popote."

Heri angenitukana.

"Na kila ukiniuliza samaki hawajambo, ulikuwa unajua?"

Akainamia karai, akakoroga.

Sasa najikaangia. Karai la kwanza liliungua, Bwana samaki akasema hata iliyoungua haiwafai. Nikarudia. Kambale wameanza kujaa mabegani, na mwanangu ameacha kupima uwanja wangu kwa hatua zake.

Radhi wifi hajaomba. Jana alipita, akasimama nje ya ua.

"Wifi, punguza moto!"

Sikugeuka. Moto kweli ulikuwa mkali. Nilingoja mpaka akate kona, ndipo nikachomoa kuni.