Wa Kwanza Ukutani

Jiwe jeusi la kobalti likilowa mate hutoa harufu kama ya ufunguo ulioshikwa mkononi kutwa nzima. Hapa Kolwezi harufu hiyo haikosekani. Iko kwenye magunia, kwenye viti vya pikipiki, kwenye suruali wanazoniletea nizipunguze, maana mimi ni fundi cherehani kando ya barabara iendayo mgodi wa Mashamba. Wengine ikiwafikia puani wanafikiria pesa. Mimi nafikiria mpira wa kikapu, namfikiria mtu mmoja, na nakasirika upya. Msinitulize. Nisikilizeni tu.

Nilikulia katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizofanana kiasi kwamba walevi waliingia za majirani na kudai chakula. Katikati palikuwa na uwanja wa saruji wenye ringi mbili zisizo na wavu, na nyuma ya ringi moja ulisimama ukuta wa nyumba ya pampu. Ukuta ule ndio uliokuwa serikali yetu. Hapo tuliwapanga wachezaji wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi, wale wa Amerika tuliowatazama kwenye televisheni ya jirani kila umeme wa bwawa la Nzilo ulipotukumbuka. Majina yao ya kweli tuliyajua, lakini ukutani tuliwaandika kwa majina tuliyowabatiza wenyewe: Kipara, Miguu ya Moto, Mulefu wa Kwetu. Tuliandika kwa mawe ya kuokota, ya kijani au meusi. Chaki zilikuwa mali ya shule.

Kila mvulana alikuwa na mkubwa wake ukutani, na bila mkubwa huchezi. Mwenye mkubwa wa kwanza ndiye aliyechagua timu. Mvua ikishafuta majina, ubishi ulianza upya, na watu walinuniana hadi Jumapili nyingine. Kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga kama tunavyowaita wakubwa wetu, alikuwa na Kipara, na alijivuna utadhani ndiye aliyemzaa. Mimi, msichana, sikuwa na mtu.

"Banamuke habana jina ku ukuta," alisema yaya Ilunga, na wenzake wakacheka.

Nilikuwa mrefu kuliko nusu yao. Nilirusha mpira peke yangu saa za jua kali, wao wakiwa wamelala, na niliwachukia wote kwa zamu.

Ndipo akaja Prospère, ambaye sisi watoto tulimwita Tata, yaani baba. Alikuwa mnunuzi wa madini, mwenye depo kule barabarani, na shati lake lilikuwa jeupe hata siku za vumbi. Baada ya misa alianza kuja na kiti chake cha plastiki, akiketi kando ya uwanja na kutuuliza nani bora kuliko wote. Wazazi wetu walitusikiliza tulipokuwa na homa tu, kwa hiyo mtu mzima huyu tulimpenda haraka, tukamfanya hakimu. Aliweka sharti moja: atakayeleta jiwe linaloandika vizuri zaidi ndiye atakayesema kwanza. Tuliliona ni sharti la haki kabisa. Tukawa tunafukua nyuma ya pampu, kwenye mitaro, kila mahali, kama kuku, naye akimuuliza kila mmoja kwa upole, "Ulipata wapi ile jibwe, papa?"

Jumapili moja mvua ilikuwa imefuta ukuta wote. Nilichukua kisu cha mama cha jikoni nikafukua chini ya nguzo ya ringi, pale saruji ilipopasuka, mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Nikatoa jiwe jeusi, zito kuliko lilivyoonekana, lililoniachia kiganja cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Hakuna aliyekuwa na jiwe kama langu. Nikasema kwanza.

"Bote munahesabu mipira yenye iliingia," niliwaambia. "Mi nahesabu yenye ilikataliwa, yenye mutu aliipiga kofi mbele ya ringi. Mutu akikukatalia mbele ya watu bote, hutarudia tena. Mulefu wa Kwetu ndiye wa kwanza."

Yaya Ilunga akafoka kwamba kukataa si kucheza. Tata Prospère alikuwa amelilamba jiwe langu na sasa alikuwa akiligeuza juani. Hakuniangalia.

"Huyu mutoto iko na haki," alisema. "Mulefu ni wa kwanza. Ulipata wapi ile jibwe, mama?"

Nikamwonyesha. Kisha nikaandika jina la Mulefu kwa herufi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa pale. Jumapili inayofuata ningechagua timu mimi, na yaya Ilunga angesubiri nimtaje. Nilifua kaptula yake ya zamani na kuipiga pasi ya makaa, niivae siku hiyo.

Haikufika Jumapili. Uwanja ulizungushiwa maturubai, karatasi ilikuwa imesainiwa na wakubwa wa mtaa, na wanaume wa Tata Prospère walianza kuvunja saruji chini ya nguzo ileile. Ringi ndiyo iliyoanguka kwanza. Shimo lilipanuka mpaka nyumba za upande wetu zikapasuka, na sisi tukahama. Watu wazima walisema ni batoto ndio walioonyesha. Hata baba, karani mpole asiyegombana na mtu, alisema hivyo akinitazama mimi. Nilikataa siku ile na leo nakataa. Sisi tulijibu tulichoulizwa na mtu aliyejua vizuri kwa nini anauliza.

Kwa miaka mingi nilidhani kinachoniuma ni uwanja. Msimu wa mvua uliopita akaja kwenye banda langu, mzee sasa, shati bado jeupe, anataka suruali ipunguzwe. Hakunitambua. Nilipiga magoti nikaipachika pini akiwa ameivaa, wateja wengine wakingoja kwenye benchi. Nikamuuliza, "Tata, ile siku ku ukuta wa pampu, Mulefu alikuwa wa kwanza kweli?"

"Mulefu gani?"

Nikamkumbusha uwanja, ringi, ubishi wetu. Alikunja uso. Nilipotaja jiwe, uso ukafunguka.

"Ah, ile jibwe," alisema. "Ile jibwe ilikuwa muzuri sana, mama."

Ndiyo siku pekee utotoni mwangu niliyoambiwa mbele ya wavulana wale kwamba nina haki, na aliyeniambia hakuwa amesikia hata neno. Hakumjua Kipara wala Mulefu. Ushindi wangu ulikuwa wa jiwe.

Nikazichomoa pini zote, moja moja. Nikasimama, mrefu kuliko yeye, nikasema kwa sauti ya kufika benchi, "Mi nakataa kazi yako, Tata."

Aliangalia huku na huku, akaondoka suruali ikiburuzika matopeni. Barabara ni hii moja, na mafundi tuko wachache. Hajarudi tena.