Dereva Aliyelala Kwenye Mtihani wa Kuwa Macho

Baba mkwe wangu alilala fofofo kwenye mtihani wa kuwa macho, na bado akatoka wa kwanza.

Msicheke. Nilikuwepo. Nilimsikia akikoroma.

Mtihani wenyewe niliuandaa mimi, kwa kampuni ya mabasi. Programu ndogo tu: taa nyekundu inatokea kwenye skrini, dereva anabonyeza kitufe, kompyuta inapima amechukua muda gani. Mwenye muda mfupi zaidi anakabidhiwa basi jipya la watoto wa shule.

Asubuhi ile programu iligoma. Dereva asipobonyeza tu, inazima na kulalamika: siwezi kulinganisha namba na kitu kisicho namba.

Mwenzangu, tunamwita Shwari maana kwake kila kitu ni shwari, akanisukuma kitini.

"Nipishe, kaka. Asiyejibu tunamwekea sifuri. Sifuri si namba?"

"Ni namba."

"Basi! Shwari."

Kweli, malalamiko yakaisha.

Madereva wakapita mmoja mmoja. Zamu ya baba mkwe ilipofika, alibonyeza kidogo, akaikodolea macho skrini, kisha akavuta kofia usoni.

Khrrr!

Mchana bosi wetu, mama mmoja asiyependa mzaha, akatangaza matokeo.

"Wa kwanza, wastani karibu na sifuri! Huyu mzee anaiona taa kabla haijawaka!"

Makofi. Mke wangu, habari zishamfikia, akapiga simu, vigelegele hadi sikio likaziba.

"Umeona damu yetu? Baba bingwa!"

Nikisema, nyumbani hapakaliki. Nikinyamaza, watoto wa watu wataendeshwa na mkoromaji.

Nikasema.

"Bosi, nipe muda kidogo. Mashine imetudanganya."

Dawa ilikuwa mistari miwili. Kabla ya kulinganisha chochote, programu iulize kwanza: kuna jibu au hakuna? Kama hakuna, iandike "hakujibu" na ihesabu kwamba ameikosa taa. Muda upimwe kwa aliyebonyeza tu.

Matokeo yakapinduka kama chapati. Aliyekuwa mkiani, dada mmoja mpole, akapanda juu kabisa. Kumbe hakukosa taa hata moja, kwa hiyo hakuwa na sifuri hata moja ya kumbeba!

Na baba mkwe? Wa mwisho.

Nikamfuata nje.

"Baba, nisamehe. Nimerekebisha programu, nimekuangusha."

Akacheka hadi akashika tairi.

"Umechelewa, mwanangu. Mimi niligundua mapema. Nikibonyeza, naandikiwa namba kubwa. Nikapiga chafya, taa ikanipita, nikaandikiwa sifuri. Nikasema kumbe mashine hii inalipa usingizi! Nikajilalia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Nikageuka niondoke. Nyuma yangu bosi alikuwa amesimama, kasikia kila neno. Nikajua mzee kafukuzwa kazi.

"Mzee," akasema taratibu, "basi hupati. Lakini kuanzia kesho, hakuna programu ya hawa vijana itakayotumika kabla hujaijaribu wewe."

Ndivyo mkwe wangu alivyogeuka mkaguzi wangu. Ana meza, ana kiti cha kuzunguka, na kazi yake ni kutafuta pa kulala ndani ya kazi yangu. Shwari akimwona tu, anaacha kusema shwari.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakusema tukipe kombe. Ndugu zangu, asiyejibu hajajibu. Usimtungie jibu ili mashine iache kukupigia kelele.