Jino la Sigara Mbele ya Hajjat

Naomba msinicheke kabla sijamaliza, na mkishindwa basi chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka ile siku natamani ardhi ya Busia ipasuke inimeze na aproni yangu. Nyinyi mnaonijua leo mnamjua Mama Nekesa wa hoteli, mwenye mdomo, anayegombana na muuza mkaa asubuhi na kupatana naye mchana. Sasa mimi huyu huyu siku moja nilikaa kwenye mkutano wa watu wazima, mkutano wenyewe unanihusu mimi, na sikutoa hata neno. Mkadhani ni adabu? Adabu nitaitoa wapi.

Wakati huo nilikuwa nauza mukene, wale samaki wadogo ambao wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanawaita omena, chini ya mwavuli, upande wa Uganda, pale malori yanapojipanga kungoja kuvuka. Jua langu, vumbi langu, nzi wangu. Na mbele yangu kabisa lilikuwa jumba la Hajji Abdu, mzee mwenye malori, familia yao iko mjini tangu zamani. Juu anakaa yeye na mkewe, Hajjat Zaina, na chini kuna chumba cha hoteli chenye veranda ndefu ya kivuli. Aliyekuwa amepanga alihama, chumba kikabaki wazi, na mimi nilikitaka chumba kile jamani, nilikitaka mpaka nikawa nakiota usiku, naota nafagia, naota napanga viti, naamka nimechoka kwa kazi za ndotoni.

Lakini Hajji alikuwa na sharti moja: hapo chini hakuna kuvuta sigara. Najua mtasema sheria si ipo. Ipo, huku na ng'ambo pia, tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani pale pale, na madereva walikuwa wanalisoma huku wakivuta. Dereva akingoja karatasi zake zipite anakaa kutwa, anakunywa chai, anawasha, anazima, anawasha nyingine, na moshi wote unapanda hadi kwenye dirisha la Hajjat Zaina, ambaye ana pumu. Mama wa watu alikuwa anaishi madirisha yamefungwa kwenye joto lile, na kwenye veranda ya nyumba yake mwenyewe alikuwa hajakaa kwa miaka. Basi Hajji akasema anaita kikao, madereva waje, na sisi wawili tunaotaka chumba tuje, tujadili jambo hili mbele ya watu, na atakayeonyesha kwamba ataweza kuzuia sigara ndiye atapewa ufunguo. Wa pili alikuwa Okello, mpika chapati, jirani yangu na rafiki yangu siku ambazo hatugombani.

Mimi nikazunguka mji mzima nikitangaza kwamba moshi nauchukia. Nauchukia kabisa! Nikipita karibu na mtu anavuta nakohoa kwa makusudi.

(Sasa sogeeni hapa, maana hili sipendi kulisema kwa sauti.) Mimi nilikuwa navuta. Tena navuta moto ndani. Nani hajui moto ndani? Ni uvutaji wa wanawake wa ziwani. Kukhu wangu, yaani mama yake mama, alikuwa mchuuzi wa samaki Majanji, na pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, kuna upepo na maji yanaruka, sigara ya kawaida haikai, kwa hiyo wale akina mama wanawasha, halafu wanaigeuza, moto unaingia mdomoni na kichungi kinabaki nje kidogo tu kwenye midomo. Upepo hauipati, mvua haiipati, mikono yote miwili iko kwenye samaki, na mkwe akipita anaona mama mwenye heshima zake amefunga mdomo. Unajifunza kwa kuungua ulimi, ukishaungua vya kutosha umehitimu. Miaka yote niliyokaa Busia hakuna aliyenishuku, kwa sababu mtu akitafuta mvutaji anatafuta moto, na moto wangu ulikuwa ndani.

Siku ya kikao nikavaa gomesi langu la arusi za watu, nikafika mapema, verandani hakuna mtu. Moyo unanidunda. Nikasema mama weh, nivute mara mbili tu, nitulie, watu wakija niwe nimeshatema. Nikawasha, nikageuza, nikaanza kutulia vizuri kabisa, mara nasikia kanzu inafagia ngazi nyuma yangu.

"Ahaa! Mama Nekesa! Umefika kabla yetu sote. Huyu ndiye mtu wa kazi!"

Hapo ndipo nilipokosea. Mtaro ulikuwa pale pale, ningeinama nijifanye natema mate, basi yaishe. Lakini nikajiambia Hajji anapita tu anakwenda getini, ngoja afike getini. Nikafunga midomo, nikaweka kitambaa juu. Hajji akavuta kiti akakaa ubavuni kwangu.

Na mnajua salamu za Hajji Abdu, hazina kituo. "Habari ya nyumbani?" Mmm. "Nekesa mzima?" Mmm. "Na masomo?" Mmm. "Na biashara ya samaki?" Mmm. "Na kwenu Majanji, wazee wote?" Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu, wazee wote wazima, hata waliokufa wazima, wewe nyamaza tu.

Akaniangalia. "Mama, mbona shavu limevimba?"

Nikaonyesha shavu kwa kidole, nikakunja uso.

"Jino!" Hajji akasikitika kweli kweli. "Pole sana. Na umekuja hivyo hivyo!"

Basi likawa jino. Madereva wakaanza kufika, na kila anayefika anaambiwa mwacheni Mama Nekesa anaumwa jino, na kila mmoja ananipa pole, na mimi naitikia kwa macho, machozi yananilengalenga (si ya jino), na moto huko ndani unatambaa polepole kuja upande wa midomo.

Kikao kikaanza. Njoroge, dereva wa ng'ambo, akasimama wa kwanza. "Wazee, msitukazie hivyo. Dere anangoja karatasi tangu asubuhi, hana form, hana la kufanya, fegi moja na chai ndiyo inamshikilia. Mkimnyima hiyo, si atachizi hapa?"

Okello akadakia. "Mimi nasema hivi, Hajji. Wewe nakataza sigara, dereva nakwenda ng'ambo, nakula huko, hoteli nalala njaa. Weka kona moja tu. Watu ya sigara wakae kona yao, basi."

"Kona!" Hajji akasema. "Moshi unajua kona, Okello? Ukiuambia kaa hapo, unakaa?"

Watu wakacheka, na mimi majibu nilikuwa nayo, majibu matamu, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya beseni la mukene, na yote yalikuwa yamefungiwa ndani pamoja na ile sigara. Okello akaliona hilo. "Mwangalieni Mama Nekesa. Kila siku nasema, nasema, leo kimya. Hana jibu!" Ningeweza ningemtafuna.

Na moshi nao lazima utoke mahali, si ndiyo? Nikawa nautoa puani kidogo kidogo chini ya kitambaa, tena nangoja lori lingurume barabarani, likitoa moshi wake mweusi na mimi natoa wangu. Mpaka Njoroge akainua pua.

"Ebu ngoja. Nani amewasha fegi? Nasikia harufu."

Wakaangaliana. Wakachungulia chini ya meza. Hajji akamgeukia Okello kwa uso wa huzuni. "Okello, hata leo? Hata kwenye kikao chenyewe?"

"Haki ya Mungu si mimi!" Okello akageuza mifuko yote ya suruali nje. Na mimi, Mungu anisamehe, mimi nilitikisa kichwa nikimsikitikia, kama mtu aliyetarajia jambo hilo kutoka kwake.

Nadhani ndiyo maana yakanipata yaliyonipata. Kwa sababu machozi yangu sasa yalikuwa yanatiririka kabisa, na Hajji akashindwa kuvumilia, akainua uso kwenye dirisha lililofungwa, akaita kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Zaina! Zaina weh! Shuka na karafuu, Mama Nekesa anakufa na jino!"

Nikatikisa mikono yote miwili, hapana, hapana. Hajji akaelewa ni maumivu yamezidi. "Haraka, Zaina!"

Akashuka. Mimi Hajjat nilikuwa namjua kwa mbali tu, mtu wa dirishani. Akashuka ngazi taratibu, ameshika ukuta, kila ngazi mbili tatu anapumzika, na kifua chake nakisikia kikilia kama mlango usiotiwa mafuta. Akaja moja kwa moja hadi kwangu, akainama, uso wake ukawa hapa, karibu na wangu, akanishika kidevu kwa mkono wa baridi.

"Pole mwanangu. Fungua mdomo nikutie karafuu."

Jamani. Mimi mdomo umejaa moshi. Moshi wa tangu asubuhi, naweza kusema, na moto wenyewe umeshafika ulimini. Nikifungua, wote unamwingia huyu mama usoni, kifua hicho hicho ninachokisikia kikihangaika. Nikaziba. Nikaacha hata kupumua.

"Fungua, usiogope. Mimi nimelea watoto, najua meno."

Nikakataa kwa kichwa. Ulimi ukaanza kuungua, si kule kuungua kwa kujifunza, kuungua kwa kweli, mpaka nikaona rangi. Nikamshika Hajjat mabega kwa upole, nikamgeuza upande wa upepo, nikanyakua glasi ya Njoroge mezani, nikaimimina yote mdomoni. Sikujua ni chai. Sikujua ni ya moto.

Kila mtu alisikia ile sauti. Tssssss! Toka kwenye kichwa cha binadamu. Moshi ukanitoka puani upande wa barabara, mweupe, mwingi, Njoroge akapiga kelele, "Mathe anaungua ndani!" akainua ndoo ya kunawia mikono na kunimwagia, gomesi lote chapachapa, na katika kukohoa kile kitu kikaniruka, kikapaa, kikatua kwenye sahani ya mandazi mbele ya Hajji. Kipande cha sigara, kimelowa chai.

Okello alikuwa bado na mifuko yake nje.

"Ndiyo huyu!" akasema mwishowe, na simlaumu. "Ndiyo huyu nataka kukataza watu sigara!"

Aibu gani ile. Mimi nikatazama miguu yangu, maji yananidondoka, na chumba nikakiaga moyoni, nikaiaga veranda, viti, sufuria, vyote nilivyopanga ndotoni. Hajji alikuwa anaitazama ile sahani tu.

Hajjat ndiye aliyesema. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, karafuu bado mkononi. "Nilipokwambia ufungue mdomo, kwa nini hukufungua?"

Nikajaribu kujibu, ulimi haugeuki. "Mofi," nikasema. "Ungekuingia. Kifua fako."

"Ukakubali kuungua?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikaanza kulia, safari hii kulia kweli, na kamasi.

Mabega ya mama yule yakaanza kutikisika, nikadhani ni pumu, nikaruka kumshika, kumbe anacheka. Anacheka mpaka anapiga paja, anacheka mpaka Hajji anambembeleza apumue. Alipopata pumzi akamwambia mumewe, "Baba Ramadhani, hawa wengine wanaongea juu ya moshi. Huyu ndiye peke yake leo aliyeuzuia. Mpe ufunguo." Kisha akaongeza, akiwatazama madereva mmoja mmoja, "Na nani kati yenu ataweza kumficha huyu sigara?"

Njoroge alikuwa wa kwanza kucheka. Hajji akavua kofia, akajikuna kichwa, akavaa tena. "Lakini uache," akaniambia. "Uache kabisa." Nikasema nimeafa.

Na niliacha, wiki ya kwanza nikinywa uji wa baridi kwa ulimi uliovimba kama chapati ya Okello (ambaye nilimwomba msamaha mbele ya watu, na sasa chapati zote za hoteli ninanunua kwake, kwa hiyo tuko sawa). Madereva hawakuhama. Wanaotaka kuvuta wanatoka hadi kule kwenye mti wa barabara, wanalalamika, wanarudi, chai inawangoja. Moshi pekee uliobaki hapa ni wa jiko langu, nao uko nyuma ya nyumba.

Madirisha ya juu siku hizi yako wazi. Hajjat anashuka kila jioni jua likipoa, anakaa verandani kwake anatazama malori, na nakuambieni mimi nikimwona pale ametulia, kifua kimya, nafurahi kama nimezaa. Ila bado hajaniamini mia kwa mia. Nikimpelekea chai ya tangawizi haipokei kwanza, anainua kidole mbele ya wateja wote anasema, "Mama Nekesa, sema kitu."

Nasema. Nasema habari ya soko, ya Nekesa, ya bei ya sukari, ya mke wa muuza mkaa, naongea nimesimama na sinia mkononi mpaka yeye mwenyewe anachoka, ananipokonya kikombe, ananiambia basi, mwanangu, inatosha, nimeamini.